Mgeni Anapouza Nyumba ya Likizo Naivasha: Nani Hulipa Ushuru, na Mnunuzi Ajikinge Vipi

Nyumba ya likizo kando ya Ziwa Naivasha inapouzwa na mwenyewe anayeishi Uingereza au Ujerumani, jambo la kwanza kuzungumzwa ni bei. La pili ni mandhari: migunga, viboko wanaopanda nchi kavu usiku, Mlima Longonot kwa mbali. Ushuru hutajwa mwisho, mara nyingi mnunuzi akiwa ameshalipa amana na muuzaji ameshakata tiketi ya ndege. Mambo yakikwama wakati huo, anayebaki na mzigo ni mkazi wa kaunti aliyenunua.

Makala haya yanaeleza ni ushuru gani unaodaiwa, nani anaulipa, nani anaupokea, na mnunuzi afanye nini kabla pesa hazijaondoka mkononi mwake.

Nyumba hizi si jambo geni Nakuru. Tangu enzi za ukoloni wageni wamejenga kandokando ya ziwa, na baadhi ya nyumba zao zimepata umaarufu, kama Elsamere, ambako aliishi Joy Adamson, mwandishi wa kisa cha simba Elsa, na ambayo leo ni kituo cha elimu ya mazingira. Nyingi hazina jina kubwa hivyo. Ni nyumba za mawe za vyumba vitatu au vinne kwenye barabara ya Moi South Lake, Kongoni, upande wa North Lake, au karibu na Ziwa Elementaita huko Gilgil. Mwenyewe huja wiki chache Agosti na Desemba. Miezi mingine funguo ziko kwa mtunza nyumba.

Anachouza hasa ni nini?

Kabla ya ushuru, mnunuzi ajue anachonunua. Tangu Katiba mpya ilipoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi nchini Kenya milele. Kifungu cha 65 kinamruhusu kuikodi kwa muda usiozidi miaka 99. Mgeni aliyekuwa na umiliki wa milele kabla ya siku hiyo, umiliki wake uligeuzwa na Katiba yenyewe kuwa ukodi wa miaka 99. Kampuni nayo huhesabiwa kuwa raia pale tu ambapo hisa zake zote, bila kubaki hata moja, ni za raia wa Kenya.

Maana yake ni kwamba mgeni hawezi kukuuzia zaidi ya miaka iliyobaki kwenye hati yake. Zipo hati zilizobakisha miaka 80 na zipo zilizobakisha 25, na bei ya nyumba hizi mbili haifai kuwa moja hata kama paa na bustani zinafanana. Wakili afanye upekuzi katika ofisi ya usajili wa ardhi kabla ya amana kulipwa.

Ikiwa ardhi ni ya kilimo, na sehemu kubwa ya ardhi nje ya miji yetu ni ya kilimo, mauzo yanahitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi. Ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba kuandikwa. Bila idhini hiyo mkataba hauna nguvu kisheria, hata kama pande zote mbili zinapendana na pesa zimeshalipwa.

Ushuru wa muuzaji

Ushuru mkubwa katika mauzo haya ni ushuru wa faida ya mtaji. Unalipwa na muuzaji kwa Mamlaka ya Ushuru Kenya (KRA), na unatozwa kwenye faida, si kwenye bei yote. Ulisimamishwa mwaka wa 1985 na kurejeshwa tarehe 1 Januari 2015 kwa kiwango cha asilimia 5. Sheria ya Fedha ya 2022 ilikipandisha hadi asilimia 15 kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Wapo madalali ambao hadi leo wanataja asilimia 5. Muuzaji anayepanga bei yake kwa hesabu hiyo atashtuka, na mara nyingi atataka mnunuzi aongeze kidogo kuziba pengo.

Ushuru huu hauulizi pasipoti. Raia na mgeni, anayeishi Kiamunyi na anayeishi Munich, wote hutozwa asilimia 15 ile ile. Tofauti inatokea kwenye msamaha, na hapa ndipo wenye nyumba za likizo wengi hukosea.

Sheria inasamehe nyumba ya makazi iwapo mtu binafsi anayeimiliki ameishi humo mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuiuza. Neno zito hapo ni mfululizo. Mtu aliyekuja Naivasha kila Krismasi kwa miaka 20 anaweza kuipenda nyumba kuliko jirani yeyote, lakini hakuishi humo mfululizo. Kwa hiyo nyumba ya likizo, kwa kawaida, haimo katika msamaha huu. Misamaha mingine inayowahusu watu binafsi ni ya ardhi ambayo thamani ya mauzo yake haizidi shilingi milioni 3, na ya ardhi ya kilimo isiyofika ekari 50 iliyo nje ya manispaa au maeneo yaliyotangazwa kuwa ya miji. Nyumba yenye kidimbwi cha kuogelea na uwanja wa nyasi haigeuki kuwa shamba kwa sababu kuna migomba miwili nyuma ya jikoni.

Chukua mfano wa kubuni. Mwanamke anayeishi ng'ambo alinunua nyumba mwaka wa 2009 kwa shilingi milioni 12. Alilipa ushuru wa stempu shilingi 480,000 na wakili shilingi 200,000. Baadaye alichimba kisima na kuongeza vyumba viwili kwa shilingi milioni 3.2. Gharama yake yote ni shilingi 15,880,000. Sasa anauza kwa milioni 24, na wakili na ajenti wa mauzo wanamgharimu shilingi 620,000, hivyo kinachohesabiwa kuwa mapato yake ni shilingi 23,380,000. Faida ni shilingi 7,500,000. Asilimia 15 ya hiyo ni shilingi 1,125,000.

Hesabu hiyo inasimama kwa sababu ana risiti. Akikosa karatasi za kisima na vile vyumba viwili, faida inapanda hadi shilingi 10,700,000 na ushuru kuwa shilingi 1,605,000. Yaani faili moja iliyopotea imemgharimu shilingi 480,000. Ukarabati wa kawaida, kama kupaka rangi na kubadilisha mabati yaliyochakaa, hauingii katika hesabu hii. Kinachoingia ni kile kilichoongeza thamani ya mali.

Jambo moja huwaumiza sana wauzaji wa ng'ambo. Hesabu ya KRA ni ya shilingi. Mwaka wa 2009 dola moja ilikuwa takriban shilingi 77; katika mwaka wa 2025 ilikuwa karibu 129. Mwanamke wa mfano wetu alinunua kwa takriban dola 155,800 na anauza kwa takriban dola 186,000. Kwa shilingi bei imeongezeka maradufu. Kwa dola imeongezeka kwa chini ya moja kwa tano, hata kabla ya kutoa gharama za kisima. Anatozwa kwa hesabu ya shilingi. Malalamiko yake yanaeleweka, lakini sheria ya Kenya haina kipengele cha kupunguza faida kwa sababu ya mfumuko wa bei au kushuka kwa sarafu, na Mkenya aliyenunua Lanet mwaka huo huo hutozwa hivyo hivyo.

Wapo pia wanaouza kwa hasara. Maji ya Ziwa Naivasha yalipopanda mwaka wa 2020, hayakufurika mtaa wa Kihoto peke yake; mali nyingi za kandokando ya ziwa zilipoteza bustani, gati na hata majengo. Anayeuza chini ya gharama yake hadaiwi ushuru huu, ila bado atatakiwa kuonyesha hesabu yake. Mnunuzi naye akumbuke kwamba ukingo wa ziwa una masharti yake, na ekari zilizo chini ya maji hazifai kulipiwa kama ekari zilizo kavu.

Lini, na ndege inaondoka saa ngapi

Ushuru wa faida ya mtaji unapaswa kulipwa ifikapo siku muuzaji anapopokea bei yote, au siku uhamisho unaposajiliwa, ile inayotangulia kati ya hizo mbili. Malipo hufanywa kupitia mfumo wa iTax, na ili kufanya hivyo muuzaji lazima awe na PIN ya KRA. Wageni wengi walionunua zamani hawana. PIN inaweza kuombwa hata na asiyeishi nchini, ila inachukua muda, hasa nyaraka zinapopishana majina: pasipoti mpya inasema hivi, hati ya ardhi ya 1994 inasema vingine. Hilo lianze kushughulikiwa siku ya kwanza, si siku ya mwisho. Anayechelewa kulipa huongezewa faini ya asilimia 5 ya ushuru, pamoja na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Sasa hali ya mnunuzi. Nchini Marekani, mgeni akiuza nyumba, sheria humtaka mnunuzi azuie asilimia 15 ya bei na kuipeleka kwa idara ya ushuru, ndipo muuzaji adai chake kilichozidi. Kenya haina utaratibu wa aina hiyo kwa nyumba. Mnunuzi akilipa milioni 24 zote kwenye akaunti ya nje, muuzaji anazo zote, na ushuru unabaki kuwa ahadi. Mtu huyo akiacha kujibu simu, uhamisho unaweza kukwama kwa sababu stakabadhi ya ushuru haipo, na mnunuzi ameketi katika nyumba ambayo kwenye rejista bado si yake. Hawezi kuikopea benki. Hawezi kuiuza.

Kinga ipo kwenye mkataba. Mawakili wenye uzoefu huandika kwamba sehemu ya bei inayotosha ushuru itabaki kwenye akaunti ya wakili hadi stakabadhi ya KRA itoke, na kwamba bei iliyobaki haitaachiliwa kabla ya uhamisho kusajiliwa. Muuzaji mwaminifu hakatai sharti hilo, kwa kuwa pesa ni zake na zinaenda kulipa deni lake. Anayelikataa ameshamwambia mnunuzi jambo la kutosha. Ushauri kwa wakazi ni kuwa na wakili wao wenyewe. Wakili mmoja kwa pande mbili ni nafuu ya siku chache.

Upande wa mnunuzi na wa kaunti

Mnunuzi ana ushuru wake, nao ni ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani ndani ya manispaa na maeneo ya mji, asilimia 2 mashambani. Naivasha ni manispaa, na nyumba nyingi za ziwani zinazodhaniwa kuwa za mashambani huenda zimo ndani ya mipaka yake. Thamani hupimwa na mthamini wa serikali, na akiona bei iliyoandikwa ni ndogo kuliko thamani halisi, hutumia thamani aliyoipima.

Hapo ndipo huja pendekezo ambalo mnunuzi wengi wa Naivasha wamelisikia: mkataba uandikwe milioni 14, nyingine 10 zilipwe kando, kila mtu aokoe. Mbali na kuwa ni kosa la jinai, ni biashara mbaya kwa mnunuzi. Siku atakapouza yeye, tuseme kwa milioni 30, gharama yake kwenye karatasi itakuwa milioni 14. Faida itasomeka milioni 16 badala ya 6, na ushuru wake shilingi 2,400,000 badala ya 900,000. Amelipa ushuru wa muuzaji kwa mkopo wa miaka kumi bila kujua. Na mauzo yakivunjika, zile milioni 10 za kando hana karatasi ya kuzidai.

Serikali ya Kaunti haipokei ushuru wa faida ya mtaji wala ushuru wa stempu. Maafisa wake hawawezi kuupunguza, kuusamehe au kuuharakisha, na dalali anayedai ana mtu wake kaunti atakayelainisha mambo ya KRA anatafuta pesa za bure. Kinachodaiwa na kaunti ni ada ya ardhi ya kila mwaka. Msajili wa ardhi hasajili uhamisho bila cheti cha kaunti cha kuonyesha kwamba ada hiyo imelipwa yote. Kwa ardhi ya kukodi kuna pia kodi ya ardhi ya Serikali ya Kitaifa, yenye cheti chake. Mwenye nyumba aliyekaa ng'ambo miaka kumi mara nyingi hana habari kwamba ada ya ardhi imelimbikizwa pamoja na adhabu. Ankara zilikuwa zikitumwa kwa sanduku la posta ambalo hakuna anayelifungua. Mnunuzi anaweza kuuliza salio katika ofisi za mapato za kaunti akiwa na nambari ya kiwanja, kabla hata ya kujadili bei.

Nyumba ikiwa imekuwa ikikodishwa kwa watalii, kuna suala jingine. Kodi ya nyumba anayopokea mtu asiye mkazi wa Kenya kwa madhumuni ya ushuru hutozwa asilimia 30 ya pato lote. Mkazi ambaye kodi yake ya nyumba kwa mwaka ni kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 hutozwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Muuzaji anayekuja kulipa ushuru wa faida huku hajawahi kutangaza kodi ya nyumba anaweza kuulizwa kuhusu miaka iliyopita. Deni hilo ni lake, si la mnunuzi, lakini linaweza kuchelewesha kila kitu.

Nyumba iliyo kwa jina la kampuni

Baadhi ya nyumba za ziwani hazimilikiwi na mtu bali na kampuni, na muuzaji hupendekeza auze hisa badala ya nyumba. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, faida ya kuuza hisa za kampuni ambayo zaidi ya asilimia 20 ya thamani yake inatokana na ardhi au majengo yaliyo Kenya inatozwa ushuru hapa, hata kama anayeuza yuko nje. Uuzaji wa hisa za kampuni binafsi yenye ardhi ya kilimo unahitaji idhini ya bodi ya ardhi vilevile. Anayenunua hisa hununua pia madeni ya kampuni, yakiwemo yale ambayo hayakutajwa mezani.

Wakenya wa ng'ambo nao waangalie. Raia wa Kenya anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili tangu 2010. Lakini aliyechukua uraia wa nchi nyingine kabla ya hapo alipoteza ule wa Kenya, na asipokuwa ameurudisha kwa kutuma ombi, kisheria ni mgeni. Nyumba aliyojenga Njoro au Bahati akitumia mshahara wa Boston inaangukia Kifungu cha 65, na wapo wanaogundua hilo siku ya kuuza.

Muuzaji akirudi kwao bado ana hesabu nyingine. Uingereza, kwa mfano, hutoza wakazi wake kwa faida ya mali iliyo popote duniani, na kwa nyumba kiwango chake cha juu ni asilimia 24. Kenya ina mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili na nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Kanada, Uswidi, Norway, Denmark, India na Afrika Kusini. Kwa jumla, nchi yenye ardhi hutoza kwanza, na nchi anakoishi muuzaji humhesabia alichokwisha kulipa. Na Marekani hakuna mkataba wa aina hii, ingawa sheria yake yenyewe ina utaratibu wa kuhesabia ushuru uliolipwa nje. Kwa vyovyote vile, stakabadhi ya KRA ndiyo ushahidi. Mnunuzi anayeambiwa na muuzaji kwamba "nitalipa kwetu" amjibu kwamba kwao watamuuliza alicholipa Kenya.

Ikiwa muuzaji hawezi kuja, anaweza kumpa mtu hati ya mamlaka ya kutia sahihi kwa niaba yake. Ikitiwa sahihi nje, ishuhudiwe na mthibitishaji wa nyaraka wa huko, kisha isajiliwe hapa. Nakala iliyotumwa kwa WhatsApp haitoshi.

Waliokuwa wakitunza nyumba

Mauzo haya yana upande ambao mikataba mingi haiutaji. Mtunza nyumba, mlinzi na mtunza bustani ni wakazi wa Karagita, Kongoni au Maraigushu, na baadhi yao wamefanya kazi katika boma moja kwa zaidi ya miaka kumi. Mwenye nyumba akiuza na kazi yao ikaisha, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka atoe ilani ya angalau mwezi mmoja kwa mfanyakazi na kwa afisa wa leba, na alipe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa mtunza nyumba wa miaka 12 anayelipwa shilingi 18,000 kwa mwezi, hiyo ni takriban shilingi 108,000, mbali na likizo ambazo hakuchukua na mshahara wa mwezi wa mwisho.

Deni hilo ni la aliyemwajiri, si la mnunuzi, isipokuwa mnunuzi akubali kwa maandishi kuwachukua wafanyakazi pamoja na miaka yao. Ni busara likatajwa kwenye mkataba na kulipwa kutoka kwa pesa zilizo mikononi mwa wakili, sawa na ushuru. Mfanyakazi ambaye hajalipwa anaweza kupeleka malalamiko kwa ofisi ya leba, na ana miaka 3 ya kufungua kesi. Lakini kumdai mtu aliye Naivasha ni rahisi kuliko kumdai aliyekwishahamia Dorset, kwa hivyo aende mapema, akiwa na barua ya ajira kama anayo, rekodi za M-Pesa za mishahara, na jina la wakili anayeshughulikia mauzo.